MLANGO WA MGENI UHESHIMIWE, NA MFANYAKAZI ASITUMWE KUUVUNJA

Ndugu wafanyakazi wa hoteli na nyumba za wageni,

Safari hii hatuandiki juu ya mishahara, ingawa mishahara yenyewe bado ni midogo na wengine wetu hulipwa kwa vipande vipande kama deni la dukani. Twaandika juu ya funguo. Jambo la funguo laonekana dogo, lakini limekwisha kuwaletea wenzetu aibu na hasara, na likiachwa litatuletea kubwa zaidi.

Kwanza tueleze mahali petu, kwa wale watakaosoma karatasi hii wakiwa Mombasa au Nairobi, ambako hoteli ni majumba yenye ghorofa na zulia. Kwetu hapa hoteli ni mahali pa chai, chapati, ugali na matumbo. Mahali pa kulala ni lojingi: vyumba kumi au kumi na viwili nyuma ya duka, ua wa saruji katikati, tangi la maji, choo cha pamoja, na mezani mbele karani mwenye daftari. Wageni wetu si watalii. Ni madereva wa malori ya miwa, mafundi wa mitambo, wachuuzi wanaofuata masoko, watu waliokuja matanga wakachelewa gari, na mume na mke waliotoka mbali kumwona mgonjwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipotiwa chini ya mpokezi mwaka 2019, vyumba vingi vilikaa vitupu na wenzetu wengi walirudi shambani. Kwa hiyo twajua vizuri thamani ya mgeni. Mgeni akiondoka asirudi, sisi ndio wa kwanza kuambiwa tupumzike nyumbani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, ni mtandika vitanda katika lojingi moja ya sehemu hizi. Jina lake hatulitaji, wala jina la nyumba, maana bado anaihitaji kazi yake. Usiku mmoja, yapata saa saba, aliamshwa katika chumba cha nyuma anamolala zamu ikiwa yake. Mwenye nyumba alimwambia achukue funguo zote za akiba, awafungulie wanaume wawili waliosema kwamba wao ni askari. Hawakuvaa sare. Hawakuonyesha kitambulisho. Hawakuwa na karatasi yo yote. Mama yule akauliza, "Mzee, nigonge kwanza?" Akajibiwa, "Fungua."

Akafungua chumba kimoja baada ya kingine. Dereva alivutwa blanketi akiwa uchi. Mchuuzi na mkewe waliulizwa cheti cha ndoa, kisha mkoba wao ukamwagwa juu ya kitanda. Bibi mzee aliyekuja mazishini alisimamishwa nje uani kwa baridi akiwa na kanga moja, aeleze ametoka wapi na anakwenda wapi. Hakukamatwa mtu. Wanaume wale waliondoka na "chai" kutoka kwa wale walioogopa kupelekwa kituoni, na hakuna risiti iliyoandikwa.

Asubuhi mchuuzi alisema shilingi elfu nne hazimo mkobani. Je, ndugu, nani alilaumiwa? Si wanaume wale, maana walikwisha kwenda zao. Si mwenye nyumba, maana nyumba ni yake. Alilaumiwa mwenye funguo. Fedha ile ilikatwa katika mshahara wa mama yule kwa miezi miwili, na mbele ya wageni wote aliitwa mwizi.

Hilo ndilo jambo letu. Tumelizungumza katika mkutano, na wengi waliinua mikono wakasema, "Hata mimi nimefanyiwa." Mmoja alitumwa achungulie dirishani ahesabu vichwa, asije mgeni akalipia mmoja wakalala wawili. Mwingine aliagizwa afungue sanduku la mgeni aliyekwenda kazini, atazame kama taulo imo. Karani mmoja aliambiwa apige picha za vitambulisho vya wageni kwa simu yake mwenyewe na kuzipeleka kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo hili si kosa la nyumba moja. Limekuwa desturi, na desturi mbaya ikizeeka watu huidhani kuwa sheria.

MAMBO HAYA SI MAMOJA

Hatusemi kwamba chumba cha mgeni kisiingiwe kamwe. Sisi ndio tunaoviingia kila siku, na twajua ni lazima. Lakini kuna kuingia kwa namna nyingi, na wakubwa hupenda kuzichanganya ili wapate kutuchanganya.

Kuna kuingia kwa kazi. Mtandika vitanda huja mchana, hugonga, hungoja, hugonga tena, huita, kisha hufungua. Hubadilisha shuka, hufagia, humwaga taka, huona kama bomba lavuja au kama dirisha limevunjika. Mgeni ajua kwamba atakuja, naye huviweka vitu vyake tayari. Hapo hapana aibu.

Kuna kuingia kwa afya. Afisa wa afya huja chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kutazama choo, maji, kunguni na hewa. Huja mchana, hutembea na mwenye nyumba, naye hatafuti habari za mtu bali habari za uchafu. Huyo twamkaribisha, na laiti angekuja mara nyingi zaidi, maana uchafu huo sisi twaulala pia.

Kuna kuingia kwa hatari. Moshi ukitoka chini ya mlango, au mtu akipiga kelele ya kuomba msaada, au mgeni akikaa kimya siku nzima bila kujibu, hakuna atakayengoja ruhusa. Twavunja mlango, na Mungu atusaidie.

Lakini kuingia kwa kupeleleza ni jambo jingine kabisa. Kuingia usiku, bila kugonga, bila hati, kumtazama mtu na mwenziwe, kuupekua mfuko wake na kumtisha mpaka atoe chochote, huko si kazi ya hoteli. Wala hatukuandikwa kazi hiyo. Anayemtuma mtandika vitanda kufanya hivyo amempa kazi ya askari kwa mshahara wa mfagizi, na lawama ya mwizi kuwa marupurupu.

WAZEE WETU WALIFUNGULIWA MILANGO HIVYO HIVYO

Vijana watasema jambo hili ni la leo. Si la leo. Wazee wetu walilijua vema.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, na mwanamume alivikwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Alipokuta askari njiani alitoa kipande. Alipolala mjini mlango wake uligongwa usiku, atoe kipande. Mwaka 1949 ikatungwa sheria nyingine ya kuwakamata wale walioitwa wavivu wa mjini, yaani watu waliokutwa hawana kazi ya kuandikwa. Tarehe 24 Aprili, 1954, serikali ya kikoloni ilizunguka Nairobi ikafungua vyumba vya wafanyakazi kimoja kimoja, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Ndani yao walikuwamo wapishi, maboi wa nyumbani na watumishi wa hoteli. Shughuli hiyo waliiita Anvil.

Na wafanyakazi hawakukaa kimya. Mombasa ilipogoma tarehe 13 Januari, 1947, hawakugoma watu wa bandari na reli peke yao. Watumishi wa hoteli na wa majumbani waliziacha sufuria na fagio, wakajiunga na wenzao chini ya African Workers Federation ya Chege Kibachia. Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akahamishiwa Baringo. Wakoloni waliona hatari ilipo: mtumishi anayeingia chumbani kwa bwana, ajuaye siri zote za nyumba, sasa alikuwa na chama.

Kwa hiyo twauliza: ikiwa wazee wetu waliteseka ili mlango wa mtu mweusi usifunguliwe ovyo usiku na askari wa mkoloni, sisi wajukuu wao tutashikaje funguo kuwafungulia wengine ovyo? Bendera ilibadilika mwaka 1963. Je, desturi ya kuvuta blanketi haikuwahi kuambiwa?

SHERIA INASEMAJE

Ndugu, mwenye nyumba akikuambia "hii ni sheria," mwambie kwa adabu akuonyeshe. Sisi tumezitazama, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Yasema mtu asipekuliwe yeye, wala nyumba yake, wala mali yake. Vitu vyake visichukuliwe. Habari za jamaa yake na mambo yake ya siri zisitakwe wala kufichuliwa bila lazima. Na mawasiliano yake yasiingiliwe. Haikusema "kila mtu isipokuwa aliyelala lojingi." Haikusema "kila mtu aliye na cheti cha ndoa." Wala hakuna sheria ya Kenya inayowalazimisha mwanamume na mwanamke watu wazima kuonyesha cheti cha ndoa kabla ya kupewa chumba.

Kanuni za Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 118, zasema polisi akitaka kupekua mahali aende kwa hakimu apate hati. Na kifungu cha 119 chasema hati hiyo itumike kati ya kuchomoza jua na kuchwa kwake, isipokuwa hakimu mwenyewe ameandika kwamba yaweza kutumika saa yo yote. Mwaona? Hata mwenye hati hawezi kujia saa saba za usiku ila hakimu amekubali.

Ni kweli kwamba Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 60, yampa mkuu wa kituo au mpelelezi nafasi ya kuingia bila hati. Lakini nafasi hiyo ina masharti. Awe na sababu ya haki ya kuamini kwamba kitu kilichotumika katika uhalifu kimo mahali pale, na kwamba kungoja hati kutauharibu upelelezi. Tena kabla ya kuingia aandike sababu zake na kitu anachokitafuta. Na awe na cheti chake cha kazi, akionyeshe akiulizwa. Watu wawili wasio na sare, wasio na cheti, wasioandika lo lote, wanaotafuta tu nani amelala na nani, hawamo katika kifungu hicho.

Juu ya daftari la wageni, iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na picha ya mgeni ni amana. Anayezichukua awe na sababu, azitunze, asizitawanye. Sheria hii si maandishi tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuibandika picha ya mteja katika mitandao bila idhini yake. Picha moja tu, ndugu. Sasa fikirini karani wa lojingi mwenye picha mia mbili za vitambulisho katika simu yake.

Na juu ya mshahara wa mama yule, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata fedha kwa mali aliyokuwa nayo kihalali iliyopotea au kuharibika kwa sababu mfanyakazi alikusudia kukosa. Mama yule alikosa nini kwa kukusudia? Alitii amri. Na kifungu cha 41 chasema mtu asifukuzwe kwa kosa kabla ya kuelezwa na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wakati huo. Kumwita mtu mwizi uani mbele ya wageni hakuitwi kusikilizwa.

MAJIBU KWA WALE WANAOTUPINGA

Wako watakaosema: "Ninyi mwawatetea wahalifu. Je, hamkumbuki mabomu?"

Twakumbuka. Tarehe 31 Desemba, 1980, hoteli ya Norfolk ya Nairobi ililipuliwa, wakafa watu wapatao ishirini, na bomu lile liliachwa chumbani na mtu aliyejiandikisha kama mgeni. Tarehe 28 Novemba, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ilipigwa kwa gari lililopenya langoni. Tarehe 15 Januari, 2019, DusitD2 ilivamiwa, wakauawa watu 21. Katika misiba hiyo walikufa wafanyakazi wa kazi yetu. Hakuna anayetaka usalama kuliko mtu anayefagia mahali penyewe.

Lakini tazameni. Kikambala na Dusit adui aliingia kwa lango, kwa nguvu. Kupekua mikoba ya wachuuzi saa saba za usiku kusingalimzuia. Na Norfolk, ambako adui alikaa chumbani, msaada gani ungalifaa? Mtandika vitanda anayeingia mchana kwa kazi yake, mwenye macho, aliyefundishwa la kutazama, na mwenye mkubwa anayemsikiliza akisema "chumba kile kina jambo." Huo ndio ulinzi. Mfanyakazi anayeheshimiwa husema alichokiona. Mfanyakazi anayeogopa kukatwa mshahara hunyamaza, maana amejifunza kwamba aliyeshika funguo ndiye hulipa.

Jambo hili limesumbua hata nchi kubwa. Tarehe 1 Oktoba, 2017, mtu mmoja aliyekuwa na bunduki nyingi katika chumba cha hoteli huko Las Vegas, Marekani, aliwapiga watu risasi kutoka dirishani akaua makumi yao. Baada ya hapo hoteli kadhaa za mji ule ziliweka kanuni kwamba kibao cha "usisumbue" kikikaa mlangoni muda fulani, chumba kitatazamwa. Hatulaumu kanuni hiyo ikiwa imeandikwa, na mgeni ameambiwa alipofika, na anayeingia ana kitambulisho. Lakini mwaka uliofuata, wageni wa mkutano mmoja katika mji ule ule walilalamika kwamba walinzi waliingia vyumbani mwao bila kujieleza vizuri, na wanawake waliokuwa peke yao walishikwa na hofu. Kanuni nzuri ikitumiwa vibaya huwa kitisho.

Nchi hiyo hiyo ilikwisha kuamua mambo mawili yatufaayo kuyajua. Mwaka 1964, katika kesi ya Stoner, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema karani wa hoteli hawezi kuitoa haki ya mgeni kwa kuwafungulia polisi chumba chake. Haki ile ni ya mgeni, si ya karani. Na mwaka 2015, katika kesi ya Patel dhidi ya mji wa Los Angeles, mahakama ile ile ilikataa sheria ya mji iliyowalazimisha wenye hoteli kuwaonyesha polisi daftari la wageni papo hapo bila nafasi ya kwenda kwanza mbele ya mtu wa kuamua. Hukumu hizo hazitawali Kakamega. Lakini zaonyesha kwamba tunayoyataka si maajabu.

Wengine watasema: "Lojingi ni mahali pa uchafu wa tabia. Mkiacha kuchungulia, watoto watapotezwa."

Hapo twajibu kwa uzito, maana sisi pia ni wazazi. Mtoto si mgeni kama wengine. Mtu mzima akija na msichana wa sare ya shule, karani asimpe chumba, awaite polisi, na asipokee hata shilingi ya kunyamaza. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 yamshika hata mwenye jumba anayemruhusu mtoto akae humo kwa kudhulumiwa. Lakini jambo hilo husimamishwa mezani, mgeni anapofika, kwa macho na kwa kitambulisho. Halisimamishwi kwa kuwavuta blanketi watu wazima usiku wa manane. Na twasema bila kuficha: wapo wenye nyumba wanaopokea fedha wakimwona mtoto akiingia mchana, kisha usiku wawachungulia watu wazima kwa jina la tabia njema. Huo ni unafiki.

Tena mwezi wa Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa siku huko Nairobi, serikali ilitaka nyumba hizo ziandikishwe. Jambo hilo ni jema. Daftari la kweli, karani aliye macho na mlinzi wa usiku anayelipwa vizuri vingaliweza kuokoa maisha. Lakini kuandika jina si kuvunja mlango.

Wa tatu watasema: "Nyumba ni yangu, funguo ni zangu." Bwana, nyumba ni yako, ndiyo. Lakini uliuza usiku mmoja wa chumba kile, ukapokea fedha. Mwenye shamba akimkodisha mtu msimu mmoja, haendi usiku kung'oa miwa yake.

NA SISI TUJITAZAME

Ndugu, hatutakuwa na uso wa kuwalaumu wakubwa ikiwa sisi wenyewe hatukunyooka. Wako baadhi yetu wanaokwenda sokoni kusema nani alilala chumba namba nne na nani. Wako makarani wanaomwambia mke wa mtu kwa bei, na kesho wanamwambia mume kwa bei nyingine. Wako wanaokaa wamevaa marashi ya mgeni. Na wako waliogawana "chai" ya usiku ule tulioueleza. Twawajua, nao watujua.

Anayefanya hivyo anamwuza mwenzake. Maana siku mchuuzi atakapopoteza fedha zake, hatauliza nani ni mwaminifu. Atasema, "Hao wa lojingi wote ni wezi," na mwenye nyumba atakubali upesi. Heshima ya kazi yetu ni moja, kama sufuria moja ya uji. Mmoja akitia mchanga, wote twala mchanga.

Tena tusisahau kwamba faragha haina upande mmoja. Dada zetu wanaoingia vyumbani peke yao huwakuta wageni waliojifunua kwa makusudi, na wengine hufungiwa mlango. Huko Chicago wafanyakazi wa vyumba walipigania jambo hili mpaka mji ukatunga sheria mwaka 2017, kila anayeingia chumbani peke yake apewe kitufe cha kuita msaada. Hapa kwetu Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na kanuni iliyoandikwa ya kuzuia unyanyasaji wa ngono. Nyumba nyingi za Mayoni hazifikishi watu 20. Basi je, heshima ya mwanamke yahesabiwa kwa vichwa? Mgeni anayetaka mlango wake uheshimiwe, naye aheshimu mtu anayeugonga.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo mkutano wetu umekubaliana haya, nayo yatapelekwa kwa kila mwenye lojingi na hoteli hapa Mayoni, na nakala kwa mkuu wa kituo cha polisi:

1. Kanuni za kuingia vyumbani ziandikwe kwa Kiswahili, zibandikwe mezani na nyuma ya kila mlango, mgeni azisome kabla ya kulipa.

2. Kuingia kwa kazi kuwe mchana, kwa kugonga mara mbili na kuita. Usiku asiingie mtu ila kwa hatari ya moto, ugonjwa, kelele ya msaada, au amri halali.

3. Polisi wakija, wapokewe na mwenye nyumba au meneja mwenyewe, si na mtandika vitanda. Cheti kitazamwe, hati isomwe, na jina, namba, saa na sababu viandikwe katika daftari maalumu. Atakayefungua mlango awe mwenye nyumba, kwa mkono wake.

4. Mfanyakazi asitumwe kufungua mfuko au sanduku la mgeni, wala kuchungulia dirishani, wala kuhesabu vichwa kitandani.

5. Vitambulisho visipigwe picha kwa simu ya mfanyakazi. Namba iandikwe daftarini, na daftari lifungwe ndani ya kabati.

6. Funguo za akiba zitiwe sahihi kila zinapotoka na kurudi, ili ijulikane nani alikuwa nazo na kwa amri ya nani.

7. Mshahara usikatwe kwa mali ya mgeni iliyopotea mpaka jambo lisikilizwe mbele ya mjumbe wa chama. Fedha za mama yule zirudishwe zote, na aombwe radhi pale pale uani alipotukanwa.

8. Dada anayefanya kazi vyumbani apewe filimbi au namna nyingine ya kuita msaada, na mgeni aliyemfanyia ufedhuli aondolewe, hata akiwa ni mteja wa kila juma.

Katika haya nane hakuna lililo ghali. Karatasi ya kubandika ni bei ya chai. Daftari ni bei ya sahani ya wali. Filimbi ni bei ya soda. Mwenye nyumba akisema hawezi, basi si fedha inayomzuia.

Ndugu wafanyakazi, mkitumwa usiku kufungua mlango, msipigane wala msitukane. Semeni hivi kwa upole: "Mzee, niandikie amri hiyo na utie sahihi yako." Mtaona jinsi kalamu inavyokuwa nzito mkononi mwa mtu ajuaye kwamba atendalo si haki. Kisha asubuhi mjulisheni mjumbe wa chama kabla ya mtu mwingine. Asiyekuwa na kadi ya chama aje achukue, maana mtu mmoja akikataa huitwa mkaidi, na watu wote wakikataa huitwa kanuni.

Mama wa lojingi ile bado anatandika vitanda. Miezi miwili watoto wake walikula pungufu kwa ajili ya fedha ambayo hakuichukua. Hatutapumzika mpaka arudishiwe. Na mlango utakaofunguliwa ovyo tena hapa Mayoni, usifunguliwe kwa mkono wa mwanachama wetu.

UMOJA NI NGUVU.